Kumtoa samaki wa dhahabu kwenye bakuli: mwongozo wa anayeanza, Tanga na mwambao wake

Utamkuta juu ya friji la soda, kwenye meza ya mapokezi, au sebuleni kando ya televisheni: samaki wa rangi ya chungwa, urefu wa kidole, ndani ya bakuli la kioo la lita tano ambalo maji yake yamegeuka kama chai ya rangi. Alinunuliwa Dar es Salaam awe zawadi ya mtoto. Mtoto alichoka baada ya wiki mbili, na tangu hapo kila apitaye humtupia kipande cha chapati. Ukimwomba mwenyewe, anakupa, tena kwa shukrani.

Wengi huharibu kazi siku hiyohiyo, kwa nia njema kabisa. Wanamwaga maji yote, wanasugua bakuli kwa sabuni, wanajaza maji ya bomba yanayong'aa, na kesho yake asubuhi samaki anaelea ubavu. Halafu inasemwa kwamba samaki hawa ni dhaifu. Si dhaifu. Akitunzwa huishi miaka 10 hadi 20, na yuko mmoja wa Uingereza, jina lake Tish, aliyekufa mwaka 1999 akiwa na miaka 43. Kilichomuua wa bakulini ni haraka ya mwokoaji.

Kwa nini maji masafi yanaua

Samaki hutoa amonia, taka yenye sumu, kupitia mashavu yake mchana na usiku, hata asipokula. Kwenye bakuli ambalo maji hayabadilishwi, taka zinazooza huongeza uchachu taratibu, na pH (kipimo cha uchachu, ambapo 7 ni katikati) hushuka hadi 6 au chini zaidi. Kwenye maji machachu namna hiyo, karibu amonia yote hukaa katika umbo lisilo na sumu kali, ndiyo maana samaki yule anaishi kwenye kitu kinachonuka. Sasa wewe unamwaga nusu na kuongeza maji ya kisima. Visima vingi vya mwambao vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yake ni magumu na pH yake iko juu. Kila pH ikipanda kwa 1, sehemu ya amonia yenye sumu huongezeka karibu mara kumi. Kutoka 6 hadi 8 ni karibu mara mia, ndani ya dakika chache, na samaki yumo ndani.

Anayemwaga yote anamkwepesha samaki amonia, lakini anampa mshtuko wa aina nyingine: mwili uliozoea maji mazito kwa miezi unatumbukizwa kwenye maji tofauti kabisa, na kama ni ya bomba, klorini inamchoma mashavu.

Wiki ya kwanza: usimhamishe bado

Siku mbili za mwanzo usimpe chakula chochote. Samaki wa dhahabu mwenye afya anaweza kukaa wiki nzima bila kula, na asipokula anachafua kidogo.

Tafuta ndoo ya lita 20, pana, isiyowahi kuwekwa sabuni, rangi wala mafuta. Mwingize humo pamoja na maji yake yote ya zamani, lita tano zile zile, bila kumwaga hata tone. Kila asubuhi na kila jioni ongeza nusu lita ya maji yaliyotulizwa (namna ya kuyatuliza iko mbele), ukiyamimina taratibu pembeni. Siku ya tano anza kuongeza lita moja kila mara. Siku ya saba jioni ndoo itakuwa na lita 15, na maji ya zamani yatakuwa theluthi tu. Samaki atakuwa amepanda ngazi bila kuhisi kwamba anapanda.

Kama huna ndoo na lazima abaki bakulini, kipimo ni kilekile: toa nusu lita, weka nusu lita, mara mbili kwa siku. Kuanzia siku ya tano iwe lita moja.

Kuna hali moja inayogeuza agizo hili juu chini. Samaki aliyesafirishwa kwenye mfuko uliofungwa kwa saa nyingi, tuseme ametoka Dar kwa basi hadi Tanga, asicheleweshwe. Ndani ya mfuko hewa ya kaboni aliyoipumua ilishusha pH na kuituliza amonia. Ukifungua tu, hewa ile inatoka, pH inapanda na sumu inaamka. Elesha mfuko ukiwa umefungwa juu ya maji mapya dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, fungua, mtoe kwa mkono uliolowa au kikombe, mwachie. Maji ya mfuko mwaga nje.

Chombo

Kwanza mtazame ni wa aina gani. Mwenye mwili mwembamba na mkia mmoja ni mwogeleaji, hukua hata kufikia sentimita 30, na tangi la ndani halimtoshi kwa muda mrefu. Huyo anza kumfikiria karo au simtanki mapema. Mwenye mwili mnene kama yai na mkia uliogawanyika mara mbili huishia kati ya sentimita 15 na 20, na anaweza kukaa ndani maisha yake yote.

Kwa wanene: lita 75 kwa wa kwanza, na lita 40 zaidi kwa kila anayeongezeka. Wawili, basi, ni lita 115. Tangi la sentimita 90 kwa 40 kwa 40 hubeba lita 144 likijaa hadi ukingoni. Ukiacha sentimita tano za juu unabaki na 126, kipimo kizuri. Fundi vioo anaweza kukukatia na kukuungia kwa kioo cha milimita 6 na ukanda wa kioo juu kukaza pande ndefu. Mwambie mapema kwamba silikoni iwe ile ya kawaida inayonuka kama siki, isiyo na dawa ya kuzuia kuvu. Ile ya bafuni yenye dawa ya kuvu haifai kwa samaki. Iache ikauke siku saba kabla ya kujaza maji. Na meza ipimwe kwa akili: lita 126 ni kilo 126 kabla hujahesabu kioo, na meza ya mbao laini ya kuwekea redio itapinda. Tandika jamvi au kipande cha sponji ngumu chini ya tangi ili chembe moja ya mchanga isipasue kioo.

Ukikosa fedha za kioo, usikope. Beseni kubwa la lita 100 linalouzwa kwa ajili ya kufulia, jipya, ni nyumba nzuri kuliko tangi refu la kupendeza. Oksijeni huingia majini kupitia uso wa maji, hivyo chombo kipana na kifupi humshinda mrembo aliyesimama wima. Pipa la bluu la lita 200 nalo linafaa likikatwa kwa urefu, mradi lilibeba chakula. Lililobeba kemikali usiliguse hata ulioshe mara kumi, na usinunue pipa shelabela kwa mtu asiyejua lilikuwa na nini. Friza bovu la kulala ni zuri zaidi kwa joto letu, kwa sababu kuta zake zinazuia joto: ng'oa kifuniko ili mtoto asijifungie, ziba tundu la kutolea maji kwa silikoni, kisha tandika nailoni nzito ndani ili maji yasiguse bati.

Mahali: pasipopigwa na jua la moja kwa moja, na pasiwe chini kabisa ya bati lisilo na dari. Sakafuni penye kivuli pana nafuu ya nyuzi kadhaa kuliko juu ya kabati.

Chini ya tangi acha wazi, au weka mchanga laini, au mawe makubwa kuliko kinywa chake. Kokoto za ukubwa wa njegere humkwama kooni, maana kazi yake ya kutwa ni kufyonza na kutema. Mchanga wa pwani unatumika baada ya kuoshwa hadi maji yasiwe na chumvi wala vumbi.

Maji

Maji ya bomba ya Tanga yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, ya Bagamoyo yanatoka Ruvu, na yote hutiwa klorini. Yatulize kwenye beseni pana lililo wazi saa 24, saa 48 ni bora, ukiyakoroga kila unapopita. Dumu lililofungwa kifuniko halitulizi kitu. Wenye duka la samaki wa mapambo huuza dawa ya matone ya kuondoa klorini papo hapo. Fuata kipimo cha chupa, na uwe nayo ya akiba kwa siku ya dharura.

Maji ya kisima hayana klorini lakini yana mambo yake. Hutoka ardhini yakiwa na oksijeni kidogo, hivyo yamimine kutoka ndoo hadi ndoo mara kumi au yaache usiku mzima. Ugumu wake ni faida, samaki wa dhahabu anaupenda, na pH hadi 8 au zaidi kidogo haimdhuru akiizoea. Kisima ambacho chai yake ina ladha ya chumvi usikitumie peke yake. Kilichochimbwa karibu na choo kinaweza kuja tayari na nitreti nyingi (taka inayotokana na kinyesi kilichooza), yaani unabadilisha uchafu kwa uchafu.

Maji ya mvua yanavutia msimu wa masika, bure na laini. Tatizo ni huo ulaini: hayana kitu cha kushikilia pH, na ikianza kuanguka huanguka yote. Changanya nusu kwa nusu na ya kisima, na usikinge mvua ya kwanza inayoosha bati.

Chujio, na wale wapangaji wasioonekana

Chujio halichuji uchafu tu. Kazi yake kubwa ni kuwapa bakteria mahali pa kukaa. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia na wewe huitoa kwa kubadilisha maji. Wanachukua wiki nne hadi sita kujaa, na joto letu linawasaidia.

La bei nafuu ni la hewa. Chukua bomba la PVC la nusu inchi, urefu wa sentimita 30. Toboa matundu sentimita 10 za chini, ziba mwisho wake, visha sehemu hiyo sponji yenye vinyweleo vikubwa, unene wa ngumi. Ingiza mrija wa pampu ya hewa kwa mdomo wa juu wa bomba hadi karibu na chini. Mapovu yakipanda yanavuta maji, maji yanapita kwenye sponji, na kazi imekwisha. Tangi la lita 126 lenye samaki wawili linataka mawili ya namna hiyo. Pampu ndogo ya wati 4 hula kama uniti 3 za umeme kwa mwezi. Iweke juu kuliko usawa wa maji. Ikikaa chini, siku umeme ukikatika maji yatarudi kwa mrija hadi ndani ya pampu na kumwagika sakafuni.

Mwenye pampu ya kuzamishwa anaweza kuweka ndoo ya lita 10 juu ya tangi: chini dodoki za plastiki kumi na tano au zaidi, juu yake sponji, juu kabisa pamba ya mito. Pampu ya lita 800 hadi 1,000 kwa saa inapandisha maji juu ya pamba, na yanashuka yenyewe kupitia tundu la chini ya ndoo. Kosa la kawaida hapa ni tundu la kutokea kuwa sawa na la kuingilia. Pamba ikiziba kidogo, ndoo inafurika na tangi linaishia kwenye zulia. Bomba la kutokea liwe la inchi moja. Dodoki la chuma usilitumie.

Siku ya kusafisha sponji, ikamue ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lenyewe uliyoyatoa. Utaona tope la kahawia linatoka kama uji wa ulezi, na kishawishi cha kuipeleka bombani hadi iwe nyeupe kitakuja. Utelezi ule unaobaki kwenye vinyweleo ndio makazi ya bakteria. Ukiwa na sponji mbili, kamua moja wiki hii na nyingine wiki ijayo.

Anayefahamiana na mtu mwenye tangi lenye afya amwombe kipande cha sponji kuukuu, akisafirishe kikiwa kimelowa, akiweke ndani ya chujio jipya siku hiyohiyo. Wiki sita zinaweza kushuka hadi mbili. Tangi lenye samaki wagonjwa usiombe kitu.

Siku ya kuhama

Fanya alfajiri au jioni. Ndoo yake iwe imefika joto la tangi, kwa kuisimamisha kando ya tangi usiku mzima. Ongeza kikombe cha maji ya tangi ndani ya ndoo kila dakika tano kwa nusu saa, kisha mhamishe kwa bakuli la plastiki, si kwa wavu. Wavu unang'oa utando wa mwili na kukunja mapezi ya hawa wenye mikia mirefu.

Akijificha siku mbili, muache. Baada ya wiki hivi unaweza kuona mabaka meusi kwenye ncha za mapezi au mashavuni, na ndipo simu za hofu huanza. Mara nyingi hapo ni palipoungua kwa amonia na sasa panapona, kama kovu linavyokuwa jeusi kwa binadamu. Ikiwa anakula na kuogelea, usimwekee dawa yoyote. Mabaka hufifia.

Wiki sita za kwanza

Hapa ndipo mtu anahitaji nidhamu, kwa sababu bakteria hawajafika na samaki anaendelea kutoa amonia. Vipimo vya matone vya amonia, nitraiti na nitreti vinapatikana Dar kwenye maduka ya samaki wa mapambo, na ukiweza kununua kitu kimoja cha gharama, nunua hicho. Amonia ikifika 0.25 (miligramu kwa lita) badilisha robo ya maji siku hiyo. Nitraiti vivyo hivyo. Mwishoni unataka amonia 0, nitraiti 0, na nitreti chini ya 40.

Bila vipimo, badilisha robo ya maji kila siku kwa wiki mbili, kisha siku moja baada ya nyingine hadi wiki ya sita. Kwa tangi la lita 126 robo ni lita 32, ndoo moja na nusu na ziada kidogo. Unavuta kwa mpira wa nusu inchi, mdomo wa mpira ukipita chini pale kinyesi kinapokusanyika, na unarudisha yaliyotulizwa kwa joto lilelile. Macho nayo yanasema: mapovu yanayokaa juu ya maji bila kupasuka ni dalili ya maji yaliyochoka, na samaki anayepanda kumeza hewa, mashavu yakiwa mekundu na mapezi yamebanwa mwilini, ameungua.

Nitraiti inampokonya samaki oksijeni damuni hata kama maji yana hewa tele. Chumvi kidogo huizuia isiingie: gramu 1 kwa lita, basi gramu 126 kwa tangi hili. Chumvi ya mawe isiyoongezwa kitu, kama inayotoka mashamba ya chumvi ya Nunge, Bagamoyo, inafaa. Yeyusha kwanza kwenye ndoo, gawanya mara tatu ndani ya siku moja. Kumbuka chumvi haikauki na maji. Yakipungua kwa jua, ongeza maji matupu. Ukibadilisha lita 32, rudisha gramu 32.

Baada ya wiki sita, theluthi hadi nusu ya maji mara moja kwa wiki inatosha, daima.

Chakula

Samaki huyu hana tumbo la kuhifadhia chakula, ana utumbo tu, kwa hiyo anaonekana ana njaa saa zote. Usimwamini. Mara mbili kwa siku, kiasi anachomaliza ndani ya dakika moja au mbili. Kinachozama bila kuliwa kitoe.

Punje zinazozama ni bora kuliko zinazoelea kwa wale wanene, maana wakimeza hewa juu ya maji huanza kuelea kichwa chini. Ukikosa chakula chake, punje za perege zenye protini kama 30 kwa mia, zilizopondwa, zinafaa kabisa, na hapa Tanzania hizo hupatikana kirahisi zaidi. Mara mbili kwa wiki mpe njegere iliyochemshwa na kumenywa ganda, au jani la mchicha lililochovywa kwenye maji ya moto. Viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye ndoo ya maji ya mvua uani ni karamu. Wachuje kwa kitambaa na uwape wote, asibaki wa kuruka. Dagaa wa pwani waliokaushwa kwa chumvi waache wewe ule na ugali. Mkate na chapati huvimba ndani na kuoza nje.

Anayeelea kichwa chini: siku tatu bila chakula, badilisha maji, kisha njegere.

Joto, na umeme unapokatika

Samaki wa dhahabu anastarehe kati ya nyuzi 18 na 24. Kwetu maji ya ndani hukaa 26 hadi 30, hasa kuanzia Desemba hadi Machi. Hafi kwa hilo, ila maji ya nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 30 kama 7.5, huku yeye akihitaji zaidi. Kwa hiyo huku pampu ya hewa si pambo, na wingi wa samaki upungue kuliko vitabu vya nchi za baridi vinavyoruhusu. Feni inayopuliza juu ya uso wa maji hushusha nyuzi mbili hivi, chini ya hapo wakati wa masika hewa ikiwa nzito. Chupa ya lita moja na nusu ya maji yaliyoganda, ikielea, husaidia mchana wa jua kali. Iondoe joto likishuka nyuzi mbili.

Umeme ukikatika, chota maji kwa kata au kikombe, inua mkono urefu wa mbavu, mimina. Mara thelathini kila nusu saa, na usimlishe. Chujio la ndoo lililosimama zaidi ya saa mbili usiliwashe kabla ya kumwaga maji yaliyolala ndani yake, kwa sababu yamekosa oksijeni na yameoza.

Dawa ya mbu

Hii inaua samaki, na mwenye nyumba hajui. Dawa nyingi za kupuliza, na za kutia kwenye vyandarua, ni za jamii inayomdhuru samaki kwa kiwango kidogo mno. Usifunike tangi kwa chandarua chenye dawa, hata kama ni cha zamani na kimefuliwa. Kabla ya kupuliza chumbani, zima pampu ya hewa, maana ndiyo inayovuta hewa ya chumba na kuiingiza majini, funika tangi kwa nailoni, puliza, fungua madirisha, subiri saa moja. Bora upulize chumba kingine. Mikono pia: losheni na dawa ya kujipaka ioshwe kabla ya kuiingiza majini.

Vidoa vyeupe

Punje kama za chumvi mwilini na samaki anayejikwaruza kwenye mawe ni kimelea. Kwenye joto letu mzunguko wake ni siku nne hivi, kwa hiyo huenea haraka lakini pia hutibika haraka. Pandisha chumvi hadi gramu 3 kwa lita ndani ya siku mbili, ishikilie kwa siku 10 hadi 14 hata vidoa vikiisha siku ya tano, kisha ishushe kwa kubadilisha maji. Mimea itoe kwanza.

Magamba yaliyosimama mwili mzima kama koni ya mvinje, tumbo limevimba, si vidoa na mara nyingi hakuna kurudi. Huyo mfishe bila mateso kwa mafuta ya karafuu: matone 10 hadi 15 kwa kila lita, yatikiswe kwanza kwenye chupa yenye maji vuguvugu hadi yawe kama maziwa, ndipo yamiminwe alipo. Atalala. Mwache humo nusu saa nzima baada ya mashavu kusimama.

Akiishi nje

Nusu simtanki au karo barazani penye kivuli, kina cha sentimita 60. Karo jipya la saruji hutoa chokaa na pH huruka juu ya 10. Lisugue kwa siki, jaza, acha wiki, mwaga, rudia mara tatu. Funika kwa wavu wa zamani wa uvuvi uliokazwa, kwa ajili ya kunguru, paka na kenge, na kama pana watoto wadogo weka fremu ya mbao inayobeba uzito wa mtoto. Toboa tundu la inchi moja sentimita tano chini ya ukingo na ulizibe kwa wavu mdogo. Usiku mmoja wa masika unatosha kumfurikisha samaki hadi mtaroni. Yungiyungi moja kwenye chungu humpa kivuli. Gugumaji usilipande.

Wakizaliana, na nje huzaliana, wa ziada wasipelekwe Zigi, Ruvu wala shimo lolote la maji la kijijini. Huchimbua tope, hula mayai ya samaki wengine, na hakuna atakayewatoa tena. Mpe mtu. Na ukimpa, mkatie nusu ya sponji yako uliyoilea, umfungie kwenye mfuko ikiwa imelowa, ili tangi lake lisianze na sponji tupu.